Mtoto Asiyeanguka: Kifafa cha Utotoni, Mitandao ya Ubongo na Masomo

Watu wengi ninaozungumza nao hapa Moshi wanakijua kifafa kwa dalili moja: mtoto anaanguka, anakakamaa, anatetemeka mwili mzima na kutokwa povu mdomoni, kisha analala usingizi mzito. Dalili hiyo ni ya kweli na inatisha, na kwa sababu inatisha imezifunika dalili nyingine zote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilisomea elimu maalumu katika Chuo cha Ualimu Patandi, kule Tengeru, na kwa miaka mingi nimefundisha watoto wenye kifafa wakiwa pamoja na wenzao katika madarasa ya kawaida. Ninachotaka kukieleza ni kwamba kifafa cha utotoni hakiishii katika kuanguka. Kinagusa mitandao ya ubongo ambayo mtoto huitumia kusikiliza, kukumbuka, kusoma na kuongea, tena kinaigusa wakati mitandao hiyo ingali inajengwa. Kwa hiyo ugumu wa masomo unaowapata wengi wa watoto hawa ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, nao unastahili kupimwa na kushughulikiwa kwa uzito uleule tunaoupa mtetemeko.

Nilikutana na jambo hili kwa uwazi zaidi katika daftari la imla la binti mmoja wa darasa la tatu. Nilikuwa nimesoma sentensi hii kwa sauti: “Mama alikwenda soko la Mbuyuni kununua ndizi na maharage kwa ajili ya wageni.” Yeye aliandika “Mama alikwenda soko la Mbuyuni ku”, halafu pakawa na nafasi tupu, halafu “ajili ya wageni”. Mwandiko wake ulikuwa safi na herufi zote zilikuwa sahihi, kabla ya pengo na baada yake. Mtoto asiyejua kuandika hukosea ndani ya maneno. Huyu alikuwa amepoteza kipande kizima cha sauti yangu, kana kwamba sikukitamka. Nilipopekua kurasa za nyuma nilikuta mapengo ya namna hiyo kila baada ya siku chache, na chini ya mojawapo mwalimu aliyenitangulia alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, “Acha kuzubaa, sikiliza!”

Nikamhamishia dawati la mbele ili niuone uso wake vizuri. Alikuwa akisimama ghafla katikati ya neno, macho yakikaza mbele, kope zikichezacheza kidogo, midomo ikitikisika kama anayemeza mate, penseli ikibaki mkononi bila kudondoka. Baada ya sekunde chache alikuwa akiendelea kuandika pale ambapo darasa lilikuwa limefika, bila kujua kwamba kuna kitu kilichompita. Nilimwita mama yake, tukakaa chini ya mti ulio nyuma ya ofisi ya walimu, nami nikamweleza kwamba ningependa mtoto apelekwe hospitali kwa sababu nahisi ni kifafa. Mama alinitazama kwa mshangao. “Lakini mwalimu, huyu hajawahi kuanguka hata siku moja,” akasema. “Bibi yake anasema ni mtoto mwenye mawazo mengi tu.”

Hospitalini daktari alimpa kipande cha karatasi na kumwambia akipulize kwa nguvu, bila kupumzika, kwa muda wa dakika tatu hivi. Kupumua kwa kasi namna hiyo huamsha tukio la kupotewa na fahamu kwa watoto wengi wenye aina hii ya kifafa ambao hawajaanza dawa, na ndivyo ilivyotokea mbele ya macho ya mama yake. Kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, kilikamilisha habari: mawimbi makubwa yenye ncha, yanayojirudia mara tatu hivi kwa sekunde, pande zote mbili za kichwa kwa wakati mmoja. Kipimo hicho kina karibu miaka 100. Daktari wa Ujerumani, Hans Berger, ndiye aliyefaulu kunasa umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza, mwaka 1924 mjini Jena, naye akachapisha matokeo yake mwaka 1929. Tangu hapo ikawezekana kuona kwamba mtoto aliyeketi kimya, asiyetetemeka wala kuanguka, anaweza kuwa katikati ya dhoruba ya umeme ndani ya ubongo.

Ili kuelewa dhoruba hiyo inafanya nini, inafaa kujua ubongo unavyofanya kazi siku ya kawaida. Wanaoishi kwenye miteremko ya Kilimanjaro wanaijua mifereji ya asili, mifongo, iliyochimbwa na mababu ili kuteremsha maji kutoka mtoni hadi kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani yenye migomba. Kila kihamba hupata maji kwa zamu, na maji yanamfikia mwenye zamu kwa sababu milango ya wengine imefungwa; migomba inastawi kwa mpangilio huo wa kufungua na kufunga, si kwa wingi wa maji peke yake. Ubongo wa binadamu una seli za neva zinazokadiriwa kufikia bilioni 86, na kila moja huwasiliana na nyingine nyingi kwa ishara za umeme na kemikali. Baadhi ya ishara huamsha, nyingine hutuliza. Katika kifafa, kundi kubwa la seli huamka kwa pamoja bila zamu, na kwa muda huo njia zilizokuwa zikibeba sauti ya mwalimu, maana ya neno na mwendo wa penseli hazibebi chochote kinachoeleweka.

Zamani madaktari walikuwa wakiuliza kifafa kinatoka sehemu gani ya ubongo, kana kwamba ni jipu lenye mahali pake. Swali hilo bado lina kazi yake, hasa kwa mgonjwa anayefikiriwa kufanyiwa upasuaji, lakini mtazamo umepanuka sana. Mwaka 2010 jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa kifafa, ILAE, ilipopitia upya maelezo yake, ilieleza aina zote mbili kuu kwa lugha ya mitandao: kifafa cha sehemu huanzia ndani ya mitandao iliyo upande mmoja wa ubongo, na kile cha jumla huanzia mahali fulani kisha kikaishika haraka mitandao iliyoenea pande zote mbili. Kwa maoni yangu, mabadiliko hayo ya maelezo ndiyo yanayotufaa zaidi sisi walimu, kwa sababu kujifunza nako ni kazi ya mitandao. Hakuna chumba kimoja cha kusoma ndani ya ubongo. Mtoto anayesoma neno “maharage” ubaoni anatumia sehemu za nyuma zinazopokea picha, sehemu za pembeni zinazoiunganisha picha na sauti, sehemu za mbele zinazomtayarisha kutamka, na juu ya hizo zote mtandao wa umakini unaoziambia nyingine zitulie.

Katika kifafa cha kuduwaa, yaani kile cha binti wa imla, ambacho kwa kawaida huanza kati ya umri wa miaka 4 na 10, kiini cha tatizo kiko katika mzunguko wa ishara kati ya thalamasi, iliyo katikati ya ubongo, na gamba la ubongo lililo juu yake. Mzunguko huo ndio unaoshiriki pia katika mawimbi ya usingizi. Unapotekwa na mdundo mmoja, fahamu hukatika kwa sekunde kama 10 hivi, na kwa mtoto asiyetibiwa hali hiyo inaweza kujirudia mara nyingi mno kwa siku. Mtu anaweza kudhani kwamba hasara ya masomo ni jumla ya sekunde hizo, na kwamba zikikomeshwa kwa dawa mtoto atakuwa sawasawa na wenzake. Mimi pia ningependa iwe hivyo, ila ushahidi hauelekei huko.

Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuatilia watoto 453 waliokuwa wametambuliwa hivi karibuni kuwa na kifafa cha kuduwaa, wakagawanywa katika makundi matatu ya dawa. Dawa mbili, ethosaksimaidi na valproeti, zilizuia matukio vizuri kuliko ya tatu, lamotrijini. Hilo lilikuwa na faida kubwa kwa madaktari. Jambo lililonigusa mimi ni lingine: watoto hao walipopimwa umakini kabla ya kuanza dawa, asilimia 36 walikuwa na upungufu, na kwa wengi wao upungufu huo uliendelea hata baada ya matukio kukoma. Zaidi ya hayo, waliotumia valproeti walikuwa na shida ya umakini kuliko waliotumia ethosaksimaidi. Kwa maneno mengine, kuduwaa na upungufu wa umakini huenda vinatoka kwenye mtandao uleule usiotulia, lakini cha pili hakiondoki kwa sababu tu cha kwanza kimeondoka.

Tafiti za picha za ubongo zinadokeza kwa nini. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake nchini Marekani walieleza kuhusu mtandao wa sehemu za ubongo ambazo hufanya kazi zaidi mtu anapokuwa hana shughuli maalumu, na ambazo hupunguza kazi yake mara anapoanza jambo linalohitaji umakini. Kwa mtu mwenye afya, mtandao huo na ule wa umakini hupokezana. Kwa watoto wenye kifafa cha kuduwaa, watafiti wamekuta kwamba mahusiano ndani ya mitandao hiyo yana kasoro hata katika dakika ambazo hakuna tukio lolote. Hii ndiyo hali niliyokuwa nikiiona darasani bila kuwa na maelezo yake: mtoto yuko macho, anataka kusikiliza, hana tukio, na bado maagizo ya hatua tatu yanamfikia kama hatua moja.

Aina nyingine ya kifafa ambayo kila mwalimu wa madarasa ya chini angepaswa kuijua huja usiku. Mtoto wa kati ya miaka 3 na 13 anaamka, au anaamshwa na ndugu aliyelala naye kitanda kimoja, upande mmoja wa uso ukimvutika, mate yakimtoka, akijaribu kuongea na kushindwa, na pengine mwili mzima ukafuata kutetemeka. Kwa kawaida aina hii huisha yenyewe anapofikia umri wa ujana, ndiyo maana kwa miaka mingi iliitwa kifafa chema. Lakini cheche zake, yaani milipuko mifupi ya umeme inayoonekana kwenye EEG, hutokea karibu na maeneo yanayoongoza mdomo na lugha, tena huzidi usingizini, wakati ambapo ubongo unapaswa kuyapanga na kuyaimarisha yaliyojifunzwa mchana. Wengi wa watoto hawa hupata ugumu wa kusoma, wa kutenganisha sauti za silabi, au wa kupata neno wanalolitaka. Upo pia ugonjwa mzito zaidi na wa nadra, uliotambuliwa na Landau na Kleffner mwaka 1957, ambapo mtoto aliyekuwa akiongea vizuri huanza kutoelewa maneno na hata kuacha kuongea, huku EEG ya usingizini ikionyesha cheche karibu bila kukoma. Mzazi hudhani amekuwa kiziwi, ilhali masikio yake ni mazima.

Hata cheche moja isiyoleta tukio la kuonekana inaweza kuingilia fikra. Utafiti uliochapishwa mwaka 1984 uliwapa wagonjwa kazi ndogo za kukumbuka huku EEG ikiendelea kunasa, ukaonyesha kwamba baadhi yao walikosea zaidi pale cheche ilipotokea. Cheche za upande wa kushoto zilielekea kuharibu kazi za maneno, na za kulia zikaharibu kazi za kukumbuka maumbo na mahali. Mambo haya hayaonekani kwa jicho. Mwalimu anaona tu mtoto ambaye leo anajua na kesho hajui, na mwalimu aliyechoka, mwenye wanafunzi wengi kupita kiasi, huhitimisha kwamba mtoto ni mvivu.

Kuhusu kumbukumbu, fundisho kubwa lilitoka kwa mgonjwa mmoja wa Marekani, Henry Molaison, ambaye kifafa chake kilianza utotoni. Mwaka 1953 daktari wa upasuaji William Scoville alimwondolea sehemu za ndani za ubongo wa pembeni, pande zote mbili, ikiwemo sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu inayosaidia kuhifadhi kumbukumbu mpya. Kifafa kilipungua sana, lakini Molaison hakuweza tena kuhifadhi mambo mapya. Brenda Milner, aliyemchunguza kwa miaka mingi, alikuta kwamba bado aliweza kujifunza ujuzi wa mkono bila kukumbuka kwamba amewahi kufundishwa. Upasuaji wa leo ni makini zaidi, na kwa baadhi ya watoto huwaokoa. Kwangu habari hiyo ina matumizi ya moja kwa moja: mtoto ambaye kifafa chake kinatoka karibu na hipokampasi anaweza kushindwa kukumbuka shairi alilokariri jana na papo hapo akajifunza vizuri kushona, kuchora au kupanda miche. Ukimpima kwa shairi peke yake, hutamjua.

Yote haya yana uzito zaidi kwa mtoto kuliko kwa mtu mzima kwa sababu mitandao ya mtoto haijakamilika. Nyuzi zinazounganisha sehemu za ubongo huendelea kuvikwa utando wa mafuta unaoharakisha ishara hadi mtu anapoingia miaka ya ishirini, na sehemu za mbele, zinazosimamia kupanga na kujizuia, huchelewa kuliko zote. Kifafa kinachoanza mapema kinaukuta ujenzi ukiendelea na kinaweza kuuelekeza vibaya. Lakini ujenzi huohuo ndio tumaini. Watoto walioumia upande wa kushoto wa ubongo wakiwa wadogo sana wameweza kujenga lugha upande wa kulia, jambo ambalo mtu mzima hupata kwa shida. Muda ndio mali kubwa ya mtoto, na ndiyo sababu inaniuma kuona unavyopotea.

Tena ni muhimu kusema kwamba mara nyingine kifafa na ugumu wa kujifunza vina chanzo kimoja kilichotangulia vyote viwili. Tafiti za Marekani na Uholanzi zimeonyesha kwamba baadhi ya watoto walikuwa tayari na matatizo ya masomo au ya tabia kabla kifafa hakijatambuliwa. Huku kwetu, watafiti waliwatafuta watoto wa miaka 6 hadi 14 katika Wilaya ya Hai, jirani kabisa na Moshi, na matokeo yaliyochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 2010 yalikihusisha kifafa na matatizo wakati wa kuzaliwa na historia ya kifafa katika familia. Upungufu wa uwezo wa akili na matatizo ya tabia yalikuwa mengi miongoni mwa watoto hao kuliko kwa wenzao. Mtoto aliyechelewa kulia baada ya kuzaliwa, aliyepona malaria ya ubongo au homa ya uti wa mgongo, anaweza kubaki na kovu linaloleta vyote kwa pamoja. Na sisi wa kaskazini, tunaopenda kitimoto, tukumbuke mayai ya tegu wa nguruwe: yakiingia mwilini kwa chakula au maji yaliyochafuliwa na kinyesi cha mtu mwenye minyoo hiyo, hugeuka malengelenge ndani ya ubongo na kuleta kifafa. Choo bora na ukaguzi wa nyama ni kinga ya kifafa, ingawa sijawahi kusikia tukizungumza hivyo katika mikutano ya wazazi.

Dawa nazo zina upande wake. Fenobabitoni, inayotumika kwa kifafa tangu mwaka 1912, ni ya bei nafuu na imewaokoa watoto wengi, ila inaweza kumfanya mtoto asinzie, awe mzito wa kufikiri, au kinyume chake awe mtundu asiyetulia. Kabamazepini inafaa sana kwa aina fulani na inaweza kuzidisha kifafa cha kuduwaa. Valproeti ni nzuri kwa aina nyingi, lakini msichana anapokaribia umri wa kuzaa lazima jambo hilo lizungumzwe mapema, kwa kuwa inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, ikiwemo akili yake. Hayo yote hayampi mzazi ruhusa ya kukatisha dawa kwa sababu mtoto anasinzia darasani. Kukatisha ghafla kunaweza kuleta matukio mfululizo yanayotishia maisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya watu wenye kifafa wangeweza kuishi bila matukio kama wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Kinachotakiwa ni mzazi kurudi kliniki na kueleza kinachotokea shuleni, ili daktari abadilishe dozi au dawa akiwa na habari kamili.

Hapo ndipo nimeweka nguvu zangu. Kwa kila mtoto wangu mwenye kifafa ninaweka daftari dogo ambalo mzazi huenda nalo kliniki. Ndani yake ninaandika saa na namna ya tukio, lakini pia ninaandika alivyosoma wiki hiyo, kama alikumbuka maagizo, kama alikuja amechoka kwa sababu ya tukio la usiku, kama amekuwa mkali au mwenye huzuni. Darasani ninampa agizo moja kwa wakati mmoja na kulirudia bila karipio, namwekea mwenzake wa kumwonyesha mahali tulipofika, na ninaposhuku kwamba ameduwaa narudia sentensi kwa darasa zima ili asijione ametengwa. Watoto wenzake nimewafundisha kumlaza mtu ubavu, kutomtia kijiko wala kidole mdomoni, kuniita mara moja na kutazama saa, kwa kuwa tukio linalozidi dakika tano ni la kukimbiza hospitali. Nimewafundisha pia kwamba mate na povu havimwambukizi mtu kifafa, na wamelipokea hilo upesi kuliko baadhi ya watu wazima.

Binti wa imla sasa yuko darasa la tano. Mapengo katika daftari lake yametoweka tangu dawa ilipokaa sawa, na anasoma kwa sauti kwa ufasaha unaonifurahisha. Hesabu za maelezo bado zinamshinda: anafanya hatua ya kwanza vizuri, kisha anapoteza namba aliyotakiwa kuishika kichwani, kwa hiyo nimemzoesha kuandika kila hatua pembeni ya ukurasa. Daktari amemweleza mama yake kwamba mtoto akifikisha miaka miwili bila tukio, na EEG ikiwa nzuri, wanaweza kufikiria kupunguza dawa polepole. Nimemwomba mama kwamba siku hiyo ikikaribia aombe pia mtoto apimwe umakini na kumbukumbu na mtaalamu wa saikolojia, kabla ya kupunguza dawa na baada yake. Amekubali, na ombi hilo nimeliandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari lao la kliniki.